Kibuyu cha Pili

Madereva wa malori wanaosimama Salgaa husema hakuna mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, kama ya Chelagat. Husema siri iko kwa mkono wake. "Huyu mama ana mkono, boss," mmoja humwambia mwenzake akijipangusa mdomo, na wengine hununua chupa ya kubeba mpaka Malaba. Mimi huwa nyuma ya kaunta nikiosha vikombe. Kwa karibu miaka miwili mkono uliokuwa ukisifiwa ulikuwa wangu, na sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini hapo nilinyamaza zaidi kwa ajili yake.

Kwetu ni Bahati. Niliacha shule darasa la sita, na kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa hapa, kwenye duka la maziwa la huyo Chelagat, ambaye mimi humwita Mama Kiptum kwa jina la mtoto wake mkubwa. Kwetu nyumbani maziwa tuliyajua ndani ya chai. Nilipofika, kazi yangu ilikuwa vikombe na sakafu tu. Yeye ndiye aliyeshika vibuyu. Alikilaza kibuyu mapajani kama mtoto anayeogeshwa, akasugua ndani kwa kaa la mti wa senetwet mpaka harufu ya moshi mtamu ikajaa duka zima. Watu walisimama mlangoni kumtazama.

Halafu likaanguka lile lori la viazi.

Ilikuwa mchana na mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Tulisikia honi ikilia mfululizo kutoka juu mlimani, ile honi ya dereva aliyepoteza breki, na kila mtu wa Salgaa anajua maana yake. Lori likapita duka letu, likalala ubavu karibu na mtaro, viazi vikamwagika barabarani. Watu walitoka mbio. Wengine walikimbilia viazi. Mama Kiptum alikimbilia kabini.

Nilimfuata mpaka ukingoni mwa mtaro, bado nimeshika kikombe, miguu ikakataa kwenda zaidi. Dereva alikuwa amening'inia kwa mkanda, uso umejaa damu. Mama Kiptum alivunja kioo kilichobaki kwa kiwiko na mikono, nikaona damu yake mwenyewe ikianza kutiririka. Yule dereva alifungua macho.

"Mathe, usinishike," alisema. "Niko na virusi. Ngoja wenye glavu."

Nilimsikia vizuri. Mama Kiptum pia alimsikia, kwa sababu alisimama kidogo. Kisha akasema, "Glavu ziko Nakuru. Leta mkono."

Akamvuta. Mwanaume mmoja akaja kumsaidia upande wa miguu, wakamtoa, na hawakuwa wamefika mbali moto uliposhika kabini. Nikikumbuka siku hiyo, moto siukumbuki sana. Namkumbuka yeye akisimama vile kidogo, kisha akinyoosha mkono.

Dereva huyo anaitwa Jamleck. Alivunjika mguu, lakini alipona. Akiwa bado amelala kitandani hospitalini alimtuma nesi apige simu: yule mama aliyenitoa aje leo, asingoje kesho. Mama Kiptum alienda jioni hiyo hiyo. Walimshona mikono, wakampa dawa za kuzuia virusi visimwingie, za kumeza mwezi mzima. Zilimsumbua tumbo, akatapika, lakini alizimeza zote. Alipomaliza akapimwa, akawa hana kitu. Baada ya muda waliomwambia akapimwa tena, na tena akawa hana. Daktari alimwambia yameisha, aende nyumbani akalee watoto wake. Jamleck naye alisema amekunywa dawa zake miaka mingi bila kukosa, na kwa vipimo vyake virusi havionekani tena kwenye damu. Kanisani mchungaji alimsimamisha Mama Kiptum mbele na watu wakapiga makofi. Alisimama huku mikono ameificha ndani ya leso.

Niliona ile mikono imefichwa, lakini sikuelewa.

Nilianza kuelewa dukani. Kwanza alitenga kikombe chake, kile cha bluu chenye ukingo uliobanduka, akakitundika peke yake kwenye msumari. Kisha akaacha kuonja mursik. "Onja wewe, uniambie," alisema. Baadaye akaacha kushika vibuyu kabisa. Alikaa kwenye kreti mlangoni, mikono kwapani, na kunifundisha kwa mdomo.

"Choma senetwet kwanza. Hapana, hiyo bado inatoa moshi. Ngoja iwe nyekundu. Sasa tia. Zungusha kibuyu, usizungushe mkono. Njoki! Unasugua ama unabembeleza?"

"Nasugua, Mama Kiptum."

"Hiyo ni kubembeleza. Sugua kama umeambiwa kibuyu kimekutukana."

Niliunguza vidole. Nilimwaga maziwa. Mteja mmoja alisema mursik yangu ya kwanza ilikuwa na ladha ya tairi. Lakini Mama Kiptum alijua kueleza, na polepole mikono yangu ikashika kazi. Madereva wakaendelea kumsifu.

Kumbe kila asubuhi alijiangalia ulimi kwenye kioo cha lori lililokuwa limeegeshwa mlangoni, akitafuta dalili. Alijipima kwa mizani ya viazi ya jirani. Akipata chunusi, siku hiyo hakuuza vizuri. Micah, mume wake, anafanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya stima na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Akija, Mama Kiptum alikuwa akilala nami kwenye chumba cha nyuma ya duka, akisema ni kwa sababu ya maziwa ya alfajiri. Micah alikuwa akituletea mkate mlangoni na kusema kwa utani, "Njoki, nirudishie bibi yangu," kisha akaenda zake peke yake.

Kila mara alipoingiwa na wasiwasi sana, tulienda kupimwa. Salgaa hakutaka, kwa sababu kila mtu anamjua. Tulienda Molo, tukaenda Nakuru, mwisho tukawa tunaenda Bahati kwa sababu mimi najua njia za huko na hakuna anayemjua yeye. Nilibeba mkoba wake. Aliingia ndani mimi nikabaki kwenye benchi. Alitoka akitabasamu, mstari mmoja tu, hana kitu, na tukanunua mahindi ya kuchoma tukala tukicheka njiani. Furaha hiyo haikukaa. Kabla ya wiki kuisha alikuwa ameanza: labda kile kipimo kilikuwa kimeharibika. Labda yule msichana alichanganya damu. Labda yake ni ile ya kujificha.

"Lakini Mama Kiptum," nilimwambia siku moja, nikiangalia sufuria, "hata kama ingekuwepo, si wanasema haipiti kwa kikombe? Na wewe unakula na Jamleck."

Maana Jamleck alikuwa amerudi barabarani na lori jingine, mguu mmoja mfupi kidogo, mwili umejaa. Kila akipita alisimama, na Mama Kiptum alikaa naye meza moja bila woga wowote. Jamleck hakumtisha kamwe.

"Najua haipiti kwa kikombe," alisema. "Njoki, mimi sijakosa kujua. Kichwa inajua yote. Lakini nikitaka kumpa mtu kitu, naona mkono yangu ikiwa na ile damu tena. Simwogopi Jamleck. Najiogopa mimi."

Jamleck naye alimwona. Siku moja alitazama kikombe cha bluu kwenye msumari, akamtazama yeye. "Mathe, nikuulize. Huu ugonjwa ni wa nani hapa?"

"Wewe nyamaza unywe."

"Hapana, niambie. Ni mimi nameza dawa, ni wewe unakonda. Si uniachie ugonjwa wangu, mathe? Nimeuzoea."

Alicheka, na Mama Kiptum akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Lakini kikombe kilibaki kwenye msumari.

Ndipo Kiptum akapiga simu. Kijana wake mkubwa alikuwa kwenye mafunzo ya jeshi Eldoret, na sasa yalikuwa yanaisha. Angekuja nyumbani akiwa mwanajeshi. Mama Kiptum aliruka juu, akaimba, akanishika mikono yote miwili kabla hajakumbuka kuiachia. Micah aliagiza hema. Halafu jioni nilimkuta kwenye kreti, amejikunyata kama mtu aliyepata habari ya msiba.

"Mursik," alisema.

Nikadhani anazungumzia mauzo. Akanieleza. Kwao mtoto akirudi na heshima kama hiyo, mama humpokea getini na kibuyu. Mama hunywa kwanza mbele ya watu wote, ionekane kwamba ndani hakuna ubaya. Kisha mtoto hunywa, mdomo pale pale mama alipoweka mdomo wake. Hakuna kumimina kwa kikombe, na hakuna kumtuma shangazi wakati mama yupo. Mama akikataa kumpa mtoto wake, watu wataondoka wakisema ana kinyongo naye, na mtoto mwenyewe ataenda kazini akijiuliza amemkosea nini mama yake.

"Na mimi siwezi," alisema. "Siwezi kuweka mdomo halafu nimpe."

Kesho yake tulienda Bahati.

Mshauri wa pale kliniki anaitwa Wamuyu. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alikuwa ametuzoea. Siku hiyo Mama Kiptum aliniambia niingie naye, kwa hivyo nilisikia. Alikunja mkono wa blauzi kabla hata hajakaa. Wamuyu hakuchukua kipimo. Aliushika ule mkono wa blauzi na kuukunjua taratibu.

"Mama, leo sitakupima."

"Kwa nini? Vipimo vimeisha?"

"Viko tele. Lakini nikikupima nitakuwa nakudanganya, kana kwamba jibu bado tunalitafuta. Jibu tulilipata zamani. Huna virusi. Ulicho nacho ni hofu, na hofu ni ugonjwa pia, si upuuzi. Uliingia kwa kabini ya lori lililokuwa karibu kuwaka, na mwili haukusahau. Lakini hii hofu unailisha. Kila ukija hapa inashiba, inanyamaza, halafu inarudi ikiwa na njaa kuliko jana. Na kila unapoficha mikono, unaiambia iko sawa."

Mama Kiptum alikuwa akiangalia chini. "Sasa nifanye nini? Niipige na mawe?"

"Kuna daktari wa mambo haya Nakuru, nitakuandikia uende umwone, na uende kweli. Lakini kabla ya hapo, kila ukisikia kuja kupimwa, usije. Fanya kitu kimoja ulichoacha kwa sababu ya hofu. Kidogo tu. Ukitetemeka, tetemeka, lakini fanya, na usikimbie mpaka kutetemeka kuishe kwenyewe."

Tulitoka. Alikuwa amekasirika, akasema huyo mwanamke ni mvivu, hataki kazi. Mahindi hatukununua. Lakini tulipofika dukani alienda moja kwa moja kwenye msumari, akatoa kikombe cha bluu, akakitumbukiza kwenye karai pamoja na vingine. Alisimama juu ya karai, mkono mmoja umeshika meza. Nilimwona akitokwa na jasho puani. Mimi niliendelea kuosha. Nikakisuuza kikombe chake, nikamimina chai, nikanywa nacho.

"Njoki!"

"Chai iko sawa," nilisema. "Sukari ndiyo kidogo."

Alikaa kwenye kreti akinitazama kama mtu anayengoja bomu lilipuke. Halikulipuka. Mwishowe akasema, "Basi ongeza sukari."

Siku zilizofuata alifanya moja moja. Alisalimia watu kwa mkono. Alikula ugali nami kwenye sahani moja. Alikwenda Nakuru kwa yule daktari, akarudi amechoka, akaenda tena. Kila kitu alikifanya akitetemeka. Mimi ambaye mteja akiniuliza bei naangalia sakafu, nilikuwa nikimtazama na kujiuliza mtu anapata wapi nguvu ya kufanya jambo huku anatetemeka hivyo. Siku ya lori alikuwa hajapata nafasi ya kuogopa. Sasa alikuwa na nafasi yote, na bado alinyoosha mkono.

Lakini kibuyu cha Kiptum kilimshinda.

"Kwa wewe naweza," aliniambia. "Kwa Kiptum siwezi."

"Kwa hivyo mimi nikifa ni sawa?"

"Wewe una kichwa ngumu. Hakuna ugonjwa inaweza kukuingia." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. Akainama karibu nami. "Nimefikiria kitu. Usiniambie ni mbaya, najua ni mbaya. Tutafanya vibuyu viwili."

Alinunua cha pili sokoni Rongai, kwa mama yule yule aliyetengeneza cha kwanza. Umbo lilikuwa moja, na kifuniko cha ngozi kilikuwa kimoja. Mkanda wake tu ulikuwa mpya, nikaupaka masizi na mafuta mpaka ukazeeka. Tulivijaza maziwa ya siku moja. Mpango ulikuwa hivi: yeye atakunywa kwa cha kwanza mbele ya watu. Halafu shangazi atamvisha Kiptum sinendet, ule mmea wa kijani wanaomzungushia mtu wa heshima shingoni, wanawake watapiga vigelegele na kila jicho litakuwa kwa kijana. Hapo mimi nitapita karibu na leso kubwa, nichukue cha kwanza na kumwachia cha pili, kisafi, ambacho hakijaguswa na mdomo.

"Mama Kiptum, mimi siwezi mambo ya mbele ya watu."

"Ndiyo maana ni wewe. Hakuna mtu hukuona."

Alisema kweli, na hakusema kwa ubaya.

Siku hiyo jua liliwaka vizuri. Nyumbani kwao ni ndani kidogo kutoka barabara kuu, shamba la mahindi upande mmoja na ng'ombe upande mwingine, na hema lilikuwa limejaa wazee, majirani na watu wa kanisa. Jamleck alikuja na shati la kupigwa pasi, akakaa nyuma. Micah alivaa suti iliyombana. Mimi nilisimama kando ya geti, kibuyu cha pili chini ya leso. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeomba Mungu gari liharibike njiani. Gari halikuharibika.

Kiptum alishuka. Alikuwa amekonda na kunyooka, kofia imekaa sawasawa, na alitembea kama ardhi ni yake. Kisha akamwona mama yake na uso ukawa wa mtoto. Wanawake walianza wimbo. Mama Kiptum akatoka mbele na kibuyu.

Aliondoa kifuniko. Akainua kibuyu, akanywa, na alipokishusha alikuwa na alama ya kijivu juu ya mdomo. Watu walishangilia. Nikaona mikono yake ikianza, kwanza vidole, kisha viganja, kisha kibuyu chenyewe kikawa kinacheza. Shangazi alimvisha kijana sinendet. Vigelegele vikapanda. Huo ndio ulikuwa wakati wangu.

Nilienda. Sijui miguu yangu ilitoka wapi. Nilifika ubavuni pake, nikafunua leso kidogo, nikasukuma kibuyu cha pili karibu na mkono wake.

Alikitazama. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko mpango wetu. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshaona uso ule, nikiwa ukingoni mwa mtaro na kikombe mkononi.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza kwa sauti.

Watu wakageuka. Wote. Sijawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo, na natumaini sitaangaliwa tena.

"Ni... ni mursik," nilisema.

"Peleka kwa wazee. Wamekaa na kiu tangu asubuhi."

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka kwenye hema. "Huyo ndiye msichana! Amekumbuka wenyewe! Lete hapa mama, hao vijana wangetuacha tukauke!" Hema lote likacheka. Nilikimbia nacho, uso ukiwaka, lakini niligeuka kutazama nyuma kwa sababu sikuweza kutotazama.

Alikuwa bado anatetemeka. Alikishika kibuyu cha kwanza kwa mikono yote miwili, ile mikono yenye alama za kushonwa, na hakuificha. Akakigeuza mpaka mahali penye mdomo wake pakamwelekea mtoto wake. "Kunywa, Kiptum," alisema. Kiptum akainama, akaweka mdomo pale pale, akanywa kama mtu aliyekula chakula cha jeshi miezi mingi. Mama yake alimtazama koo likipanda na kushuka. Hakuangalia pembeni. Kiptum alipomaliza, mikono ya mama yake ilikuwa imetulia.

Nilimtazama Jamleck kule nyuma. Alikuwa amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, kofia kifuani.

Baadaye, watu wakila, nilimkuta Mama Kiptum nyuma ya nyumba ameegemea tangi la maji. Kutetemeka kulikuwa kumerudi.

"Amekunywa," alisema.

"Nimeona."

"Amekunywa karibu yote. Njoki, na kama nimemuua?"

"Sasa hivi anakula sahani ya tatu ya wali. Maiti hawali hivyo."

Akacheka, akashika tumbo. Akatulia. "Kesho twende Bahati," alisema. Nilingoja. Wamuyu alikuwa amesema tusikimbie mpaka kuishe kwenyewe, kwa hivyo tulisimama pale wote wawili, tukisikia sahani na vicheko kutoka kwenye hema. Baada ya muda yeye mwenyewe akasema, "Hapana. Tusiende."

"Kwa nini ulikataa kile kingine?" nilimuuliza. Ni mara chache mimi huuliza mtu kitu.

"Uliponiletea, nilimsikia Jamleck. Usinishike, mathe. Nikaona hiyo maneno sasa ni mimi namwambia mtoto wangu. Na Jamleck mimi nilimshika, si ndiyo? Mtu nisiyemjua. Nitakosaje kumshika huyu?"

Alinawa uso na kurudi kwa wageni. Usiku huo nililala peke yangu kwenye chumba cha nyuma ya duka. Asubuhi Micah alipita akipiga mluzi, hakuwa na mkate, na hakuniambia nimrudishie mtu yeyote.

Sitaki kusema kwamba yameisha. Bado namwona siku nyingine akisimama mbele ya kioo cha lori, ulimi nje. Akijua kwamba nimemwona, huniambia, "Naangalia meno." Bado huenda kwa yule daktari wa Nakuru. Lakini Bahati naenda peke yangu sasa, kumwona mama yangu, na kikombe cha bluu sijui ni kipi tena kati ya vile vingine, maana vyote vimebanduka.

Wiki iliyofuata ile sherehe alisimama nyuma yangu nikisugua. Alistahimili kidogo tu.

"Leta hapa."

"Namalizia."

"Umalizie nini? Ona huku chini, kumeachwa kweupe. Na hapa shingoni je? Miaka hii yote wateja wangu wamekuwa wakinywa hii?" Alininyang'anya kibuyu, akakaa, akakilaza mapajani. "Toka kwa mwanga. Kwenda uoshe vikombe."

Nilienda. Sijawahi kufukuzwa kazi nikafurahi hivyo. Harufu ya moshi mtamu ilijaa duka mpaka barabarani, na mtu aliyekuwa akipita alisimama mlangoni kutazama.

Mursik hiyo ilipoiva, wa kwanza kuinywa alikuwa Jamleck. Alikunywa, akashusha kikombe, akakitazama ndani, akamtazama Mama Kiptum.

"Mathe, hii imerudi ile ya zamani. Kwani ulikuwa mgonjwa?"

"Nilikuwa," alisema Mama Kiptum. Akachukua kikombe mkononi mwake, akakijaza tena kwa mkono wake mwenyewe, akaonja kidogo kama iko sawa, akamrudishia. "Kunywa."